Mkwe Yumo Ndani ya Kompyuta

Jumanne, 4 Machi 2008

Nimefagia. Nimefungulia kuku. Uji umeungua kwa sababu nilikuwa nasoma karatasi ya masomo huku nakoroga. Saa nne nimekwenda ofisi ya kata, kwenye chumba cha kompyuta. Zamu yangu ni Jumanne na Alhamisi.

Bi Mwanaidi ndiye mwenye chumba. Alikuwa mpokea simu Posta ya Korogwe mpaka walipopunguzwa watu. Sasa chuo kimemwachia mashine tatu hapa Makuyuni na anazifunika vitambaa kama maharusi. Leo amenicheka. Anasema napiga herufi kama kuku anayedonoa. Ni kweli. Kidole kimoja, jicho linatafuta, kidole kinashuka. Kuandika jina langu tu maharage yangeiva.

Daftari hili alitugawia Mwalimu Neema tulipokaa chuoni kule Chanika, Handeni, wiki mbili za mwezi uliopita. Alisema andikeni chochote kila mnapoweza, mkono uzoee, mimi sitalisoma. Nimeishia darasa la nne. Tangu hapo kalamu nilishika kliniki na kwenye mikutano ya kijiji, kutia sahihi tu. Sasa naandika. Najisikia vizuri na naona haya kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme haukuwepo. Nimerudi na karatasi. Mwalimu Neema alishafikiria hilo, kila somo la kwenye mashine lipo pia kwenye karatasi, asiachwe mtu kwa sababu ya umeme.

Nimemuwaza sana huyu mwalimu leo nikipalilia. Mwanamke kijana, mtu wa Mbeya, anavaa raba. Siku ya pili ya chuo aliona wanawake wa wafugaji wanachelewa. Mwalimu mwingine angefoka. Yeye aliuliza ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi, kisha akasogeza kipindi. Kuna mzee wa Kwamndolwa haoni vizuri. Kesho yake karatasi zake peke yake zilikuwa na herufi kubwa, wala hakutangaza. Naserian, niliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, anasema Kimaasai nyumbani na Kiswahili anakisoma taratibu sana. Mwalimu alimwambia, "Wewe sema, mwenzako aandike. Mawazo ni yako, kalamu ni ya kuazima."

Mtu wa namna hii sijapata kumwona darasani. Wa kwetu zamani walikuwa na fimbo.

Nataka cheti. Niseme wazi. Kozi ni ya afya ya mbuzi, kondoo na kuku. Bwana mifugo wa serikali hatumwoni tena. Josho limekauka siku nyingi. Dawa zinauzwa dukani na muuzaji mwenyewe hajui ni za nini. Mwaka juzi mdondo ulimaliza kuku wangu wote kwa wiki moja, nikabaki nafagia manyoya. Nikipata cheti nitachanja kuku wa kijiji kizima. Watu wataniita. Hofu yangu ni moja tu, nisije nikaonekana mjinga nikarudishwa.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Wamefungua kitu kinaitwa ukumbi. Ni mahali ndani ya kompyuta ambapo kundi linazungumza. Mmoja anaandika, wote wanaona, nawe unajibu, nao wanaona. Mwalimu Neema katupanga kwa vijiji, ili wa sehemu moja wasaidiane. Ukumbi wa Makuyuni tuko sita.

Bi Mwanaidi kafungua. Jina la juu kabisa, salamu kwa wote, ni la mkwe.

Mkwe wangu. Mume wa Hadija, binti yangu. Jina lake silitaji na humu pia siliandiki.

Nimejifunika kanga kichwa na uso, nimegeukia ukutani. Mbele ya mashine. Bi Mwanaidi kacheka mpaka kashika meza. "Mama Hadija, amekuona wapi? Yuko shambani kwake." Nimemwambia funga. Kafunga.

Nilijua tuko kozi moja. Chuoni tulikuwa arobaini, hatukupata shida. Mimi mbele, yeye nyuma kabisa karibu na dirisha. Akisimama kujibu, mimi natoka kunywa maji. Chakula alisubiri nimalize ndipo aingie. Hakuna aliyejua. Mtu ukiwa na miguu unampisha mkweo. Humu kwenye mashine hakuna mbele wala nyuma wala mlango wa kutokea. Jina langu litakaa chini ya jina lake, yamegusana.

Na swali la kwanza la mjadala ni hili: dalili za mbuzi jike anayetaka dume. Kila mtu aeleze alichoona nyumbani kwake, ajibu na wenzake. Atakayekaa kimya mpaka mwisho wa mwezi anaondolewa kwenye kozi. Hiyo ni sheria ya mkuu wa chuo, si ya Mwalimu Neema.

Mama mkwe akae aeleze mkia wa mbuzi jike mbele ya mume wa mwanawe. Heri nivue nguo sokoni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu. Nimeandika "Mbuzi wangu", nimefuta. Nimeandika "Shikamooni wote", nimefuta. Mkwe hasalimiwi hivyo.

Bi Mwanaidi anabisha. Anasema karatasi si mdomo, na kompyuta ni karatasi yenye umeme. Nikamuuliza, mkwe akiisoma atasikia sauti ya nani? Kakunja kitambaa cha mashine. Kisha kasema yeye mama mkwe wake alikuwa anampigia simu Posta akijifanya mtu mwingine, ili asiongee na mkwe wake. Nimecheka, lakini roho haikutulia.

Jibu lenyewe ninalijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mbuzi nimefuga tangu utoto, dalili zote ziko kichwani, hata zile ambazo karatasi imezisahau.

Jumapili, 16 Machi

Hadija kaja na mtoto. Tumbo lake la pili limeanza kuonekana. Namtazama naona furaha na hofu pamoja.

Kanieleza jambo. Mumewe anakwenda kwenye mashine Jumatano na Jumamosi, anakaa, anarudi hajaandika kitu zaidi ya ile salamu ya mwanzo. Aliandika kabla hajaona jina langu. Alipoliona alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Kamwambia Hadija, "Mama aandike tu, mimi nitakuwa naruka mistari yake." Hadija kacheka. "Mama, mume wangu anataka kusoma huku amefumba macho."

Mimi sikucheka. Yule kijana chuoni ndiye alikuwa wa kwanza kwenye jaribio la mwisho. Mfanyabiashara mmoja anayefungua duka la dawa za mifugo Korogwe mjini kamwambia akileta cheti nafasi ni yake. Mtoto mmoja yupo, mwingine anakuja. Na sasa hawezi kusema kwa sababu jina langu limekaa pale kama mtu aliyelala mlangoni.

Adabu yake inanipendeza na inanitesa. Hadija kapata mume. Mimi ndiye ninayemziba.

Jumanne, 18 Machi

Orodha ya walio kimya imefika. Bi Mwanaidi kanisomea kwanza kabla ya kuibandika ukutani. Makuyuni wawili. Mimi na mkwe.

Chini yake kuna maneno ya Mwalimu Neema kwangu peke yangu. "Mama Hadija, kama ni kidole, tutakipa mazoezi. Kama ni macho, tutakuza herufi. Kama kuna lingine, niambie, usiogope."

Nimelia palepale. Anatafuta kosa kwenye kidole changu, kwenye macho yangu. Hakuna aliyenitafuta hivyo tangu marehemu baba Hadija. Nilitaka kumjibu, lakini barua ya kompyuta sijui inapita mikononi mwa nani. Nikamwambia Bi Mwanaidi andika: Mama Hadija anashukuru.

Kaandika hivyo tu. Nimejiona mwoga.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua. Nitajitoa. Nikitoka mimi, ukumbi utakuwa mweupe na mkwe atasema. Cheti chake ni chakula cha wajukuu wangu. Changu ni hamu ya mzee tu.

Nimeandika hivyo lakini si kweli kwamba ni hamu tu. Naumia. Nilishaanza kujiona natembea na kile kisanduku cha baridi cha chanjo.

Sijamwambia Hadija.

Jumatano, 26 Machi

Mwili wote vumbi. Naandika kabla sijaoga nisije nikasahau.

Nimekwenda Handeni kwa gari la kwanza. Chanika nimefika saa tano. Getini nimekutana na Naserian, wao wa Handeni wanatumia mashine za chuoni palepale. Kanishika mabega, kaniita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, umekonda. Hizo kompyuta zinanyonya damu kama kupe." Nimemweleza yote tukiwa tumesimama. Kasema, "Mnaozana wenyewe, halafu mnakimbiana wenyewe." Halafu akaacha utani. Kasema na yeye kwenye ukumbi wao yupo mzee ambaye hawezi kusema mbele yake, rika la baba wa mumewe. Kwa hiyo anaandika salamu tu. Habari za mvua. Mwalimu anadhani hana la kusema.

Basi nikajua si mimi peke yangu.

Mwalimu Neema kanipokea kwa mikono miwili, shikamoo mama, kaniletea kiti na maji. Nimesema nimekuja kujitoa. Kauliza kwa nini. Nimesema shamba. Kanitazama. Kafungua droo, katoa barua, kaiweka mezani. Ni ya mkwe. Kaileta mwenyewe juzi Jumatatu, kwa baiskeli mpaka Korogwe kisha gari. Kajitoa. Sababu: shamba.

Mwalimu kasema, "Mama, shamba gani hili linalokula wanafunzi wangu wawili wa Makuyuni, na masika ndiyo kwanza yanaanza?"

Nimeitazama ile barua. Kumbe kijana alitangulia kujitoa ili mimi niseme. Tungetoka wote wawili, kila mmoja akimpisha mwenzake, na ukumbi ungebaki mtupu. Hapo machozi yamenitoka na maneno nayo yakatoka. Nimesema mkwe. Nimesema mbuzi jike. Nimesema kanga niliyojifunika mbele ya mashine.

Hakucheka. Kaweka mikono kichwani. Kasema, "Mama, kwetu mke wa mtoto hapiti njia moja na baba mkwe wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala njaa ukweni nikisubiri mzee atoke sebuleni. Nilijua. Nikaja hapa nikapanga watu kwa vijiji kama kupanga viti, nikajiona nimewasaidia." Kisha kaniomba radhi. Mwalimu, kwangu mimi wa darasa la nne. Sikujua niweke wapi uso.

Tukaenda kwa mkuu wa chuo. Mimi nimebaki kwenye benchi nje, mlango haukufungwa vizuri. Mkuu anasema orodha za makundi zilishapelekwa, sheria ni moja kwa wote, na kompyuta haina mkwe. Mwalimu Neema kasema kompyuta haina, ila watu wanaokaa mbele yake wanao. Kasema sheria moja kwa wote ni sawa na kiatu kimoja kwa wote. Mkuu kasema kwa sauti kubwa kidogo kwamba mila zikiingia darasani hakuna atakayesoma. Yeye kajibu taratibu, sikusikia vizuri, nimesikia tu mwisho: "Nipe mpaka Jumatatu. Nikikosa, waondoe, na mimi niandikie barua ya kuachishwa kazi."

Anajiweka yeye. Kwa ajili yetu. Nimerudi nyumbani nasikia hofu tatu, yangu, ya mkwe na ya mwalimu.

Ijumaa, 28 Machi

Silali vizuri. Nimemwambia Hadija kila kitu. Kamshusha mtoto mgongoni. Kisha kasema, "Nyie wawili mngeniua kwa adabu zenu."

Kenda kwake, jioni karudi. Mumewe naye kamweleza, hakujua kuwa nami nilikwenda. Anasema alipomwambia kainama chini, kaenda kukata majani ya mbuzi ingawa majani yalikuwepo.

Mvua kubwa mchana. Mahindi yamelala.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ndiyo mwisho. Mwalimu Neema kaja Makuyuni mwenyewe kwa pikipiki ya kukodi, raba zimejaa matope. Kaita wote sita, lakini si kwa pamoja. Mmoja mmoja, kila mtu saa yake. Kanipa kikaratasi na bahasha. Juu kapiga chapa: Andika watu ambao kwa heshima huwezi kusema mbele yao. Usiandike sababu. Hakuna atakayekuuliza.

Nimekaa nacho. Jina la mkwe siwezi kuliandika. Kaona. Kanionyesha nyuma ya karatasi, kaweka nafasi ya kuandika uhusiano tu, kama jina lina mwiko. Hata hapo kafikiria. Nimeandika: mume wa binti yangu.

Kasema jana na juzi kafanya hivyo Chanika na Kwamndolwa, hakupumzika hata Jumapili. Bahasha zilikuwa nzito. Si wakwe tu. Kuna mwanamke hawezi kusema mbele ya shemeji mkubwa. Kuna kijana hawezi mbele ya mwalimu wake wa madrasa, naye yumo kozi hiyohiyo anasoma kuku. Majina hakuyataja, kasema hivyo kwa jumla. Watu waliodhaniwa wazito wa akili walikuwa wanaheshimu tu.

Kaondoka na bahasha kifuani, ndani ya koti, zisilowe.

Jumatano, 2 Aprili

Bado. Bi Mwanaidi anafungua barua za mashine kila saa, anasema hapana. Kauli yake imekuwa ya upole. Leo hakunitania kabisa, na hilo limeniogopesha zaidi.

Ijumaa, 4 Aprili

Habari imefika asubuhi. Bi Mwanaidi kaja mwenyewe mpaka nyumbani, hakusubiri zamu yangu. Kakaa kwenye kigoda, kapumua kwanza.

Mwalimu Neema alimmwagia mkuu zile bahasha mezani. Mkuu kazisoma zote. Karani aliyekuwepo ndiye aliyempigia Bi Mwanaidi. Anasema mkuu kauliza, "Kwa nini hawakusema?" Mwalimu Neema kajibu, "Hatukuwauliza, mzee."

Mkuu kakaa. Kisha kasema polepole kwamba yeye naye baba mkwe wake akija mjini huhamia kulala ofisini.

Hakuna anayeondolewa. Makundi yanapangwa upya kufuata bahasha, si vijiji. Na kozi zijazo bahasha zitatangulia siku ya kwanza, kabla ya yote. Anayetaka kujibu swali kwa mwalimu peke yake, bila ukumbi, anaruhusiwa, na anapata alama zilezile. Mkwe kabaki ukumbi wa Makuyuni. Mimi nimehamishiwa ukumbi mpya wa Handeni, pamoja na Naserian. Yule mzee wake naye kapelekwa kwingine.

Nimemuuliza Bi Mwanaidi, sasa nihamie Handeni? Kasema, "Wewe utakaa kiti hikihiki cha Makuyuni. Maneno yako ndiyo yatakayosafiri. Bila nauli."

Nimemchinjia kuku. Kakataa. Nimemchinjia hivyohivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeandika.

Nimesema mbuzi jike akitaka dume mkia hautulii, analia bila sababu, anapanda wenzake, maziwa yanapungua. Na lile ambalo karatasi haina: anaacha kula chumvi siku ile. Bibi yangu alinifundisha hilo. Nimemaliza jua limesogea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Bi Mwanaidi alitaka kunisaidia, nimekataa. Kidole changu.

Naserian kajibu kupitia kalamu ya mwenzake, nimeiona nikiwa bado nimekaa. "Yeyo, kwetu la chumvi tunalijua kwa ng'ombe, kwa mbuzi sikujua. Nitaangalia." Chini yake Mwalimu Neema kaandika kwamba la chumvi hajawahi kulisoma popote, na kwamba tuliangalie wote kwa mbuzi wetu miezi miwili, tuandike tunachoona, ndipo tujue kama ni kweli. Hakusema bibi alikosea. Hakusema bibi alipatia. Kasema tuangalie.

Nimesoma mara tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda maharage mistari miwili, nimeacha, udongo unashika jembe.

Hadija kapita na mtoto mgongoni. Anasema mumewe karudi jana kutoka kwenye mashine amechelewa, kaandika kurasa, na yule mwenye duka la dawa Korogwe kamtumia salamu. Sikuuliza kaandika nini. Sitajua, na ndivyo inavyotakiwa.

Jioni mbuzi wa jirani kazaa pacha. Wameniita. Nimewapaka dawa ya kitovu kama karatasi inavyosema, nimewaacha wananyonya. Nimenawa mikono. Chai ipo.